Pikapu ya dizeli inapogoma asubuhi: kabla hujashika spana

Wadogo zangu mnaoanza gereji, hasa mnaojifunzia huku kwetu Tabora, Juni na Julai ndiyo miezi yenu ya shule. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, alfajiri baridi inauma, na ikifika saa mbili asubuhi utakuta pikapu mbili tatu zimesukumwa hadi mlangoni, madereva wamejikunyata ndani ya makoti. Kila mmoja ameshajua ugonjwa: "Fundi, hita plagi hizo," yaani vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya silinda kabla ya kupiga stata. Usibishane naye. Ila usifungue hata moja kabla hujauliza mambo mawili: gari linagoma wakati gani, na likigoma linatoa moshi gani.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, mzee mmoja mkulima wa tumbaku akaleta Hilux, pikapu ya Toyota, yenye injini ya 5L (hilo ni jina la injini, si lita tano) kutoka njia ya Urambo. Asubuhi stata inazungusha mpaka betri inachoka, mchana likiguswa tu linawaka. Nikabadilisha hita plagi zote nne. Kesho yake, vilevile. Nikatoa nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zikaenda kupimwa, zikarudi na risiti ya mzee. Vilevile. Siku ya tatu mzee, wala hakukasirika, akasema: "Lakini mwanangu, mbona likilala kwa shemeji yangu linawaka? Pale nalipaki kwenye mteremko, limeinamisha pua."

Fundi mkuu alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akaniangalia tu.

Gari likiinamisha pua, tenki linakuwa juu ya injini, kwa hiyo dizeli hairudi nyuma. Likilala tambarare na kuna mahali panapovuta hewa, dizeli inashuka tenkini usiku kucha, na asubuhi pampu inasukuma hewa. Tulikata mpira unaotoka kwenye filta kwenda pampu ya dizeli, tukaunga kipande cha mpira mweupe unaoona ndani. Asubuhi tukapiga stata: mapovu yanapita humo kama ya sabuni. Kosa lilikuwa oringi, kile kipete cha mpira cha kuzibia, ya pampu ya mkono unayoibonyeza juu ya filta. Ilikuwa imekauka. Nje haikudondosha hata tone, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika, kwa sababu tundu linaloweza kuvuta hewa si lazima livujishe dizeli. Oringi ile bei yake haifiki ya sahani ya wali. Nusu ya gharama za nozeli nilikatwa mimi.

Tangu siku hiyo kipande cha mpira mweupe hakikosi kwenye sanduku langu.

Sasa moshi. Mwambie mwenzako apige stata, wewe simama karibu na ekzosi. Kama injini inazunguka vizuri na hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Angalia tenki kwanza (msicheke, imewahi kutokea), halafu filta, halafu solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu, ile valvu ya umeme inayofungua na kukata dizeli: ukiwasha swichi lazima usikie ikigonga "tak". Waya wake ukikatika, gari halitawaka hata ulisukume hadi Nzega. Filta ifungue kule chini, kinga dizeli kwenye chupa tupu ya maji, iache itulie. Gari zinazonunua dizeli ya madumu huko vijijini utaona maji yamekaa chini ya chupa, dizeli juu.

Ukiona moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, dizeli inafika ila haipati joto la kuiwasha. Hapa muelewe injini yenyewe. Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka ukijaza upepo. Injini hizi za zamani za 5L zinabana hewa mara 22 hivi. Sasa stata ikizungusha kivivu, hewa inapata muda wa kutorokea kwenye ringi za pistoni na joto linaishia kwenye vyuma. Ndiyo maana mimi naanzia kwenye betri, si kwenye hita. Ikiwa imetulia na imejaa isome kama volti 12.6, wakati wa kupiga stata ikishuka chini ya 9.6, tafuta betri nyingine ya kujaribia kabla hujafungua kitu. Kisha weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na bloku ya injini, mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa bodi, yaani ule wa hasi unaofungwa kwenye injini, umeoza au umelegea. Nimeona watu wakinunua stata nzima kwa sababu ya bolti moja yenye kutu.

Hita ni rahisi: toa ule ukanda unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia iliyofungwa kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekufa. Kisha pima kama umeme unafika kwenye ule ukanda, maana pikapu nyingi zimeshafungiwa kitufe cha mkono baada ya rele, ile swichi ya umeme ya hita, kufa, na dereva mpya haambiwi kwamba anatakiwa akibonyeze.

Betri nzima, hita nzima, hewa hakuna, na bado moshi mweupe? Pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa kwenye silinda. Silinda ikiwa chini ya psi 300, hayo ni mambo ya ringi na valvu, mwite mwenye gari mkae mzungumze pesa.

Kupulizia petroli au spreyi ya kuwashia kwenye mdomo wa hewa, mwiko. Hita zikiwa na moto inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapasuka.

Na hizi D-4D, injini za dizeli za kisasa za Toyota, usilegeze bomba la nozeli ili kutoa hewa kama tunavyofanya kwenye za zamani. Presha ya mle inapita bar 1,000, na dizeli inatoboa ngozi mpaka ndani ya nyama. Hizo zianzie kwenye mashine ya kusoma hitilafu za kompyuta ya gari.

Kuna ugonjwa mmoja unakwenda kinyume na yote haya: asubuhi linawaka, likipata moto ukilizima linagoma mpaka lipoe. Mara nyingi ni pampu imelika ndani. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi na inapenya kwenye uwazi. Lowesha kitambaa kwa maji, kifunike juu ya pampu dakika chache, piga stata. Likiwaka, umepata jibu. Nilimfanyia hivyo jamaa mmoja anayebeba asali kutoka Sikonge, likawaka. Akaniuliza bei ya kukarabati pampu, nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akaomba kile kitambaa. Mwaka wa tatu huu bado anatembea nacho nyuma ya kiti, pamoja na dumu la maji la lita tano.