Maswali na Majibu: Ua la Msituni Linaloinamia Chini

Katika msitu wa mashariki mwa Marekani nimeona mmea wenye bua moja lililopinda, na maua meupe yenye ukijani yakining'inia chini ya majani. Ni mmea gani?

Maelezo yako yanaelekea kwenye Polygonatum biflorum (kwa Kiingereza Solomon's seal), lakini kabla ya kukata shauri, tazama mahali ua linapochipuka, kwa sababu umbo la kengele linapatikana kwa mimea mingi ya kivulini. Maua ya Polygonatum hutokea pale jani linaposhikana na bua, mara nyingi mawili mawili, na bua lenyewe halitoi matawi. Streptopus amplexifolius, mmea mwingine wa kivulini, nayo huficha maua yake chini ya majani, ila kikonyo cha kila ua kimekunjwa ghafla kama kiwiko, na ukishakiona mara moja hutakisahau. Mmea wa tatu, Prosartes, hutoa matawi, na maua yake huning'inia kwenye ncha za matawi hayo.

Maua yamekwisha na yamebaki matunda tu. Je, rangi inatosha kuutambua?

Husaidia, ingawa mimi nisingeitegemea peke yake. Matunda ya buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, yaliyopangana chini ya bua, ni ya Polygonatum. Yakiwa mekundu na yamekusanyika kileleni, huenda ni Maianthemum racemosum, ambayo majani yake, yanayofanana na ya Polygonatum, huwadanganya wengi. Ukikuta kibumba kikavu chenye pembe tatu badala ya tunda laini, unatazama mmea mwingine uitwao Uvularia.

Nichimbe mzizi ili nithibitishe?

Hapana haja, kwani mmea huu wa kudumu huchipua kila mwaka kutoka kwenye shina linalotambaa chini ya udongo, na kulikata ni kuudhuru. Ondoa kwa vidole udongo wa juu tu: katika Polygonatum utaona makovu ya mviringo yaliyoachwa na mabua ya miaka iliyopita, kisha ulifukie tena.

Matunda hayo yanaliwa?

Usiyaonje, kwani ni rahisi kuyachanganya na ya mmea wenye sumu. Convallaria majalis, yenye majani mawili au matatu yanayotoka chini na kengele nyeupe zenye harufu nzuri kwenye kikonyo kisicho na majani, huzaa matunda mekundu, na sehemu zake zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Mtoto akiyameza, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea huo.