Toleo refu la muvi, sebuleni kwako

Matoleo mengine marefu yamejazwa dakika tu: vita inarefushwa, farasi wengine wawili wanaanguka, hadithi ni ile ile. Gladiator ya mwaka 2000 ina toleo refu, lakini mwongozaji wake, Ridley Scott, mwenyewe anasema lile la sinema ndilo lake. Basi tazama hilo, inatosha.

Toleo la kulitengea Jumapili ni lile ambalo kilichokatwa ndicho kilichoibeba hadithi. Hapa Ujiji watu nawatajia Kingdom of Heaven ya huyo huyo Scott, muvi ya vita vya msalaba kule Yerusalemu. Iliingia sinema mwaka 2005 ikiwa na dakika 144. Toleo la mwongozaji lina 194. Kwenye hizo 50 kuna mtoto mzima aliyefutwa. Sibylla, dada wa mfalme mwenye ukoma, ana mwana anayerithi kiti, na katika toleo fupi humwoni hata kivuli, kwa hiyo mama mtu anaonekana kapotewa na akili bila sababu. Katika toleo refu, nta ya moto inamdondokea mtoto mkononi naye hashtuki. Shangazi yangu aliacha kuchambua dagaa. "Hasikii moto huyo," akasema, na hakuna aliyehitaji maelezo tena.

Kabla ya kuwekewa kwenye flashi, angalia muda wa faili. Ukiona saa mbili na dakika ishirini na kitu, umepewa fupi, hata kama jina limeandikwa vinginevyo. Faili likizidi GB 4 halitaingia kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili. Omba ifomatiwe exFAT, mfumo mpya zaidi unaobeba mafaili makubwa, ila hakikisha kwanza TV yako inaisoma, maana za zamani nyingi hukataa.

Waliozoea muvi za kutafsiriwa watakusumbua kidogo, kwa sababu hapa hakuna mtu wa kupiga kelele kila upanga unapotoka alani. Mweke kijana mmoja anayejua Kiingereza aseme mawili matatu, asijigeuze mtangazaji. Huku kwetu jua huchelewa kuzama: mkianza saa kumi na nusu, Magharibi inawakuta zimebaki dakika arobaini hivi. Simamisheni hapo, watu waswali na kula.

Atakuwepo tu wa kuuliza kama ni kweli. Salahuddin aliichukua Yerusalemu Oktoba 1187, hilo ni kweli. Mtoto naye alikuwepo, Baldwin wa Tano, akafa 1186, ila ukoma wake ni wa watunzi wa muvi. Na Balian, stelingi wetu, hakuwa mhunzi kutoka Ufaransa. Alikuwa wa ukoo mkubwa wa huko huko kwenye ufalme wa Yerusalemu. Ila hayo yaweke mpaka muvi iishe. Mimi nikiyaanza katikati shangazi hunituma dukani.