Fundi alipiga dipu nyepesi kwa rimu, sasa haitoki na anataka kutumia thina

Swali: Fundi, habari ya kazi. Niko Kasarani, nina Fielder ya 2013 yenye rimu za spoti. Nilitaka ziwe nyeusi mat, yaani isiyong'aa, bila kuharibu rangi ya kiwanda. Jamaa wa mtaani akanipulizia Plasti Dip, ile dipu ya raba ya kubandua, rimu zote 4 na grili ya kromu kwa kopo moja tu, akasema ikiwa nyepesi itatoka kirahisi siku nikitaka kuuza gari. Miezi 2 imepita, imeanza kuinuka kando kando, nikivuta inatoka vidogo vidogo kama ukucha. Sasa anasema tuioshe na thina. Nikubali?

Jibu: Usikubali ndugu yangu. Kabla umalize kusoma hii mpigie simu umwambie akae na thina yake.

Hii maneno ya "nyepesi ndio inatoka rahisi" naisikia karibu kila wiki hapa karakana na inanichoma roho kabisa, juu ukweli ni kinyume. Ile kitu si rangi, ni raba ya majimaji ya kupuliza. Inabanduka kwa sababu inajishika yenyewe kwa nguvu kuliko venye inashika rimu, na hiyo nguvu inatoka kwa unene. Ukipiga koti (tabaka) 5 ama 6 zilizoshiba unapata ngozi moja, unainua pembe na kidole, unavuta polepole, inakuja yote kama unavua glavu ya kuoshea vyombo. Ukipiga koti moja hakuna ngozi hapo, umeacha utando tu, unajua ile gundi hubaki kwa windskrini ukitoa stika ya insurance ya mwaka jana? Ndio hiyo uko nayo kwa rimu 4.

Dawa ni kuongeza, si kutoa. Najua inasikika kama nataka ununue makopo lakini ndio njia. Osha rimu na sabuni, toa ile vumbi nyeusi ya breki yote, kausha, halafu pulizia dipu ingine juu ya ile ya zamani, koti 4 nzito, ngoja dakika 20 ama 30 katikati. Ile mpya inalainisha ya zamani kidogo zinashikana zinakuwa kitu moja. Acha hadi kesho yake, usiharakishe hasa ile baridi ya Julai ya Nairobi, kisha anza kuvuta kutoka ukingo wa nje. Vipande vitakavyobaki kwa pembe, weka WD-40 kwa kitambaa, ngoja kidogo, sugua na kidole.

Thina inafanya nini? Kwa rimu inaweza kula ile vanishi ya juu, unabaki na mabaka meupe kama ukungu ambayo huwezi osha. Kama rimu zilishawahi kupigwa rangi huku nchini, thina itainua rangi yote ikuje na dipu. Na grili ndio mbaya zaidi juu hiyo kromu imekalia plastiki, thina ikiingia kwa plastiki inalainika na kupasuka pasuka. Niliona Vitz moja, mwenyewe alikuja na rimu kwa gunia zikiwa na madoa hivyo hivyo, ilibidi tupige msasa tuanze rangi upya. Kazi ya kubandua kwa mkono iligeuka kazi ya rangi mzima.

Sasa kopo moja. Kopo la kawaida lina gramu 311, kwa rimu za inchi 15 mimi sianzi kabla niwe na makopo 4, moja kwa kila rimu, na grili iko na yake. Anayekuambia moja linatosha ama hajui ama anajua hatakuwepo siku ya kutoa, na huyo wa pili ndio wengi. Wengine hata si dipu wanapulizia, ni rangi ya kawaida ya kopo wanaita "ya kubandua". Mwambie apulize kwanza kwa kipande cha kioo mbele yako, koti 4 ama 5, kikauke. Vuta. Dipu inavutika kama raba ya kufungia pesa, rangi inavunjika.

Na maandalizi hakuna mtu anataka kufanya. Gari inatoka kaawosh imepakwa mafuta ya kung'arisha tairi, yale mafuta yamerukia rimu, halafu fundi anapuliza hapo hapo, lazima iinuke. Ya kwako kuinuka kando kando sishangai. Halafu tepu ya karatasi, ile ya kufunika pale hapapulizwi, inafaa itolewe koti ya mwisho ikiwa bado mbichi, ukingoja ikauke unararua ukingo, na ukingo ukishararuka presha ya kaawosh inamalizia kazi.

Lakini urembo ukiharibika ni urembo tu, kuna ile inaniogopesha. Mafundi wanapuliza rimu ikiwa bado kwa gari bila kufunika kitu, dipu inaingia pale nati inakalia na nyuma pale rimu inagusana na habu, ile sehemu ya gari rimu inafungwa. Ile raba inakandamizwa unapoendesha, nati zinalegea, na wewe uko Thika Road na watoto nyuma. Hizo sehemu zibaki chuma tupu, na rimu ikirudishwa nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Diski ya breki nayo ifunikwe kabisa, raba haina kazi pale. Nimeona pia taa za nyuma zimepulizwa nyeusi eti ni stailo, usiku gari ikishika breki mwenye yuko nyuma haoni kitu. Mtu akikuletea hiyo ofa ya taa pamoja na rimu, toka hapo na gari yako.

Na isipulizwe ndani ya kibanda kimefungwa chenye kuna jiko ama mtu anachomelea, ule mvuke unashika moto. Wewe ukiongeza koti zako fanya nje, kusiwe na upepo wala mvua, na uvae maski. Grili itoe kwa gari kabisa, hapo kwa bampa hutafika nyuma ya zile nondo zake.