Mnasihi hatokwambia ufanye nini: kwa mdogo wangu wa Chake anayetaka kuanza vikao

Mdogo wangu, waalaykumu salaam. Umeuliza mambo matatu: ukenda kwa mnasihi (mtaalamu wa ushauri nasaha) wa kumlipa mwenyewe utakutana na nini siku ya mwanzo, siri yako itakaa vipi katika kisiwa ambacho kila mtu ni jamaa wa mtu, na mama yako umwambie au unyamaze. Umesema ni mwalimu wa skuli huko Chake Chake, Pemba, umepewa talaka, na tokea hapo usingizi umekukimbia. Nakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe hapa Unguja baada ya kufiwa na mume wangu.

Nilipokuwa ndani ya eda sikuachwa peke yangu hata kidogo. Miezi 4 na siku 10 nyumba imejaa watu, khitma, chai, wifi zangu wanalala na mie chumbani. Eda ilipokwisha kila mtu akarudi kwake, na hapo ndipo usiku ulipoanza kuwa mrefu. Naona na talaka ni hivyo hivyo. Siku za mwanzo watu wanakuja, wanakupa pole, wanakwambia subiri, kisha wanahisabu kwamba ushapoa.

Jambo kubwa ninalotaka ulijue kabla hujatoa hata shilingi ni kwamba mnasihi hatokwambia ufanye nini. Sisi tumelelewa kwa nasaha. Una jambo lako, unakwenda kwa mama mkubwa, kwa somo yako, kwa sheikh wa mtaani, na unaondoka na neno: rudi kwa mumeo, samehe, soma uradi huu. Kwa mnasihi neno hilo hulipati, na nimeona wengi wakiacha baada ya kikao cha pili kwa sababu hiyo tu. Wanasema, "Nimelipa pesa yangu, kaniuliza maswali basi."

Mie nilimuuliza wangu waziwazi: nihame nyumba ile au nibaki? Hakujibu. Akaniuliza nikijiona nimebaki, naona nini, na nikijiona nimehama, naona nini. Kikao kizima kikaishia hapo. Nilitoka nimechoka kama niliyefua siku nzima, lakini nilitoka nikijua kwamba ninachokikimbia ni chumba kimoja tu, kile alichougulia marehemu. Nyumba yenyewe naipenda. Hakuna mzee ambaye angeweza kunambia hilo, kwani mwenyewe nilikuwa silijui. Ndiyo maana anauliza. Jibu liko kwako, na yeye kazi aliyosomea ni kukaa nawe mpaka ulione.

Siku ya mwanzo ni maswali mengi na karatasi. Utajaza fomu, na ndani yake kuna mahali pa kuandika simu ya mtu wa kupigiwa ikitokea dharura. Mtu huyo mchague kwa makini, usiandike shangazi yule ambaye habari ikimfikia saa tatu, saa nne iko Wete. Ataulizia usingizi, chakula, maradhi, dawa unazotumia, nani unaishi naye, yapi yamekupata zamani. Wangu alinituma kwanza nikapime damu, wingi wa damu na tezi ya shingoni, kwa sababu uchovu na kukosa raha wakati mwengine hutokea huko. Nilimheshimu kwa hilo.

Huenda pia akakupa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya mambo, umelala vipi, umejiona huna thamani, na kadhalika. Kila swali lina alama kutoka 0 hadi 3, jumla 27. Ipo kwa Kiswahili. Swali la mwisho linauliza kama umewahi kufikiri bora ufe au ujidhuru. Usishtuke, wala usiseme "astaghfirullah" ukalipita. Anaulizwa kila mtu, na kuulizwa hakumtii mtu fikra hiyo kichwani. Kama jibu ni ndiyo, sema ndiyo. Mie niliona haya, nikalisema kwa sauti ndogo sana, naye hakubadilika uso. Aliuliza tu: mara ngapi, na kuna kitu umekipanga? Hakunihubiria. Mzigo ule ulipungua palepale.

Na hapa niseme jambo la haraka. Ikiwa fikra hizo zimekukaba sasa, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usisubiri miadi ya mnasihi. Nenda hospitali hiyo ya Chake, au Abdalla Mzee kule Mkoani, au popote palipo karibu. Mnasihi hatoi dawa. Dawa ni za daktari, na daktari wa magonjwa ya akili ni mtu mwengine kabisa. Najua kwetu likitajwa neno akili tu watu wanakimbilia kusema Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Unguja, na wanasema kwa kudharau. Waliolazwa pale ni watoto wa watu, wameugua kama anavyougua mwenye sukari. Ukiambiwa umuone daktari huyo, nenda.

Sasa siri. Katika kikao cha mwanzo lazima akwambie mwenyewe mipaka yake, na asipokwambia muulize. Kwa kawaida unayosema hayatoki, isipokuwa maisha yako yako hatarini, maisha ya mwengine yako hatarini, mtoto anadhulumiwa, au mahakama imeamuru. Muulize pia kama ana mkubwa wake wa kazi anayejadiliana naye kuhusu wateja. Wengi wanaye, na ni vizuri wawe naye, mradi jina lako halitajwi.

Lakini kisiwani petu hayo hayatoshi. Muulize kwao wapi na kaolewa wapi. Usione ni utovu wa adabu. Mnasihi wa mwanzo niliyetajiwa mie aligeuka kuwa binamu wa shemeji yangu, na mwenyewe ndiye aliyesema, kabla sijasimulia chochote, kwamba itakuwa bora anitafutie mwengine. Huyo ni mtu anayeijua kazi yake. Mumeo wa zamani umesema ni wa Chake pia, basi mie ningetafuta mtu wa Unguja au hata wa Bara.

Yule niliyekaa naye alinambia jambo ambalo sikulitarajia: "Tukikutana Darajani sitokuamkia mpaka uniamkie wewe. Ukinipita, sitochukia." Kwetu kumpita mtu bila ya salamu ni kitu kizito, unajua. Anafanya hivyo ili aliyefuatana nawe asiulize mmejuana wapi. Nilikuja kukutana naye harusini, nimekaa na mama mkwe wangu, akanipita kama hanijui. Nilimshukuru moyoni.

Usilazimike kupanda boti kila wiki. Wengi wanakubali vikao vya simu au vya video, ila fikiria utakaa wapi, maana nyumba zetu zina masikio mengi. Darasa tupu baada ya wanafunzi kuondoka linafaa kuliko chumba chako. Vaa hedifoni, weka bando la kutosha, na kubalianeni mapema: simu ikikatika nani anampigia mwenzake, na meseji zake aziandike vipi ikiwa simu yako inashikwa na wadogo zako. Kikao cha mwanzo, ukiweza, kifanyeni ana kwa ana.

Kama huna raha kukaa chumbani peke yako na mwanamme, sema unataka mwanamke. Akikosekana, omba mlango wa kioo au mlango uachwe wazi kidogo na mtu awepo mapokezi. Si ombi la ajabu Zanzibar, na mnasihi anayelichukia hatokufaa.

Usingizi umeutaja mara mbili ulipoandika kwa hivyo naukalia kidogo. Nilipewa kazi ya kuandika kwenye daftari kila asubuhi: nimepanda kitandani saa ngapi, nimelala kama saa ngapi, nimeamka mara ngapi. Halafu akashika jambo moja, saa ya kuamka. Akasema tuifunge kwenye Alfajiri. Kwetu wakati wa Alfajiri haupishani sana mwaka mzima, tuko karibu na ikweta, na adhana unaisikia utake usitake. Nikishasali nisirudi kulala, hata nikiwa nimelala kwa muda wa saa mbili tu. Na usiku nikikaa macho muda mrefu, nitoke kitandani, nikae kwenye mkeka ukumbini mpaka macho yawe mazito ndipo nirudi. Siku za mwanzo ni adhabu. Nilikuwa nasinzia kwenye daladala mpaka napitishwa kituo. Kisha usingizi ukaanza kuja wenyewe, polepole. Ramadhani ilivuruga kila kitu, tarawehe na daku, na tulikubaliana tusipime chochote mwezi ule, tukaanza tena baada ya sikukuu.

Tarajia pia kwamba baadhi ya siku utatoka umevunjika kuliko ulivyoingia. Usipange kikao kabla ya kipindi chako cha kufundisha. Jipe muda baadaye, utembee, unawe uso.

Bei uliza kabla, na uliza ukikosa kufika unalipa au hulipi. Kikao huwa kama dakika 50 na kwa kawaida ni mara moja kwa wiki. Ukishindwa pesa sema, wapo wanaokubali kila baada ya wiki mbili.

Kuhusu kusomewa: mie nilisomewa, na nilikunywa kombe (maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa), na nilimwambia mnasihi. Akaniuliza tu inanisaidia vipi. Akikucheka kwa dini yako, muache. Vilevile akitokea mganga akakwambia uache dawa za hospitali, muache huyo kwa kasi zaidi. Muache mnasihi anayekusimulia mambo ya wateja wengine, anayekutaka kwa mapenzi, anayekuuzia mafuta au anayekuhakikishia kwamba utapona kwa siku kadhaa. Huna deni la kumueleza kwa nini umeacha. Na kama hana kosa lolote ila hamkuingiana tu, mpe vikao vitatu au vinne, kisha mwambie. Mzuri atakuelekeza kwa mwenzake.

Mama yako. Naona umwambie, kwa sababu unaishi naye na ataona unatoka. Mwambie unaonana na mtu wa kukusaidia usingizi, ni kweli na inatosha kwa kuanzia. Usimwambie kama unashtaki malezi yake, na usimuahidi kwamba utamsimulia. Akitaka kuja siku ya mwanzo mwache aje, atakaa nje mapokezi. Mkiwa njiani kurudi atakuuliza, "Umesema nini?" Mjibu, "Tumezungumza usingizi, mama," kisha muulize jioni mtapika nini.