Kuchora wanyama bila kupita chuo

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kuwa mchoraji wa wanyama bila kusomea, na kama picha inamsaidia chochote tembo aliyeko porini. Mimi kazi hii ndiyo inayonilisha hapa Arusha, na darasa la sanaa sijawahi kulikalia. Edward Saidi Tingatinga, yule ambaye picha za Tingatinga zimebeba jina lake, naye hakusomea. Alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi.

Ila kama nia yako ni uhifadhi, usijifunzie kwenye picha za mtandaoni. Kamwone mnyama. Pita maduka ya picha mjini uangalie faru: utakuta mdomo mpana, bapa. Huyo ni faru mweupe. Faru wa asili yetu ni mweusi, mdomo wake wa juu umechongoka kama ndoano, ndio anaovutia majani ya vichaka. Mkonga vilevile: tembo wa Afrika ana vidole viwili kwenye ncha, wa Asia ana kimoja. Inaniuma kuona mtoto wa Arusha anakua akimtazama ukutani mnyama wa kwingine.

Anzia Hifadhi ya Arusha. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na unaruhusiwa kutembea kwa miguu pamoja na askari. Beba penseli na daftari tu, rangi utaweka nyumbani. Kaa na mbega. Angalia anavyoshika tawi: hana kidole gumba, analinasa kwa vidole vinne. Akiruka, yale manyoya marefu meupe ya ubavuni yanatanuka yote. Mimi hapo naweza kushinda kutwa.

Kuhusu msaada: picha haizuii risasi. Tembo wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na chanzo kikubwa ni meno. Lakini watoto wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanamjua mnyama kwa kula mazao tu, kwa hiyo nachora kwenye kuta za shule zao, hata kama malipo ni rangi na chakula cha mchana. Siku moja nikiwa namalizia faru, mzee mmoja alisimama nyuma yangu: "Kijana wangu, huyu nilikuwa namwona hapa hapa Momella." Watoto wakamzunguka, wakaanza kumuuliza huyo faru alienda wapi. Tangu siku hiyo, nikipata ukuta huko, namtafuta kwanza mzee wa kijiji aje akae nasi.