Maswali yenu kuhusu kusoma sanaa za maonyesho chuo kikuu

Shikamoo mwalimu, mi sijawahi kuigiza popote, hata shuleni. Naweza kuomba hii kozi?

Marahaba mwanangu, omba. Kuna vyuo vinaangalia matokeo yako tu, vingine vinakuita usaili, kwa hiyo soma vizuri masharti ya chuo unachokitaka. Ila kabla ya kuomba tafuta kikundi chochote kinachofanya mazoezi ukae nao hata wiki mbili tu, ubebe viti, uwasikilize wakirudia ukurasa mmoja jioni nzima. Ukitoka hapo bado unataka kurudi kesho yake basi hii kozi ni yako.

Kwenye usaili wanaangalia nini hasa? Naogopa kusahau maneno.

Mara nyingi unaombwa hotuba mbili fupi za wahusika tofauti, kila moja kama dakika mbili hivi. Kusahau mstari sio mwisho wa dunia, vuta pumzi uendelee. Nimewahi kukaa upande wa wasaili, akaingia binti mmoja na hotuba ya mtu anayemlaumu kaka yake, kaisema kwa makelele mwanzo mpaka mwisho, mikono hewani. Tukamwambia sawa, sasa rudia lakini mtoto amelala chumba cha pili. Akanyamaza kidogo, akasogea karibu na kiti kitupu, akaanza upya kwa sauti ya chini, na chumba kizima tukainama mbele kumsikiliza. Tulimchukua kwa ile mara ya pili. Yani tunatafuta mtu anayesikia maelekezo akabadilika palepale, sio mtu aliyekariri ishara mbele ya kioo mpaka hazibadiliki tena, na ndo mana nawaambia kila siku jiandaeni kwa kumwelewa mhusika.

Ni kuigiza tu au kuna kusoma vitabu pia?

Kusoma kupo, tena kwingi, na wanaodhani watakwepa insha huwa wanaumia muhula wa kwanza tu. Utaanza na Wagiriki wa kale na mwanafalsafa wao Aristotle, utafika kwa Stanislavski, yule Mrusi aliyeanzisha na mwenzake jumba la maonyesho Moscow mwaka 1898, akawafundisha waigizaji kujiuliza mhusika anataka nini na kitu gani kinamzuia. Afu unakuja kwa Brecht, Mjerumani, yeye hataki mtazamaji azame mpaka asahau kufikiri, anataka akumbuke kwamba anaangalia igizo na ajiulize kwa nini mambo yako hivi wakati yangeweza kuwa vingine. Na Boal wa Brazil akaenda mbali zaidi, igizo linasimamishwa katikati na mtazamaji anapanda jukwaani mwenyewe kujaribu suluhisho lake. Hayo mawazo usiyasome kwa ajili ya mtihani tu. Chukua onesho moja dogo la watu wawili ulifanye kwa njia zote tatu, utaona tofauti kwa mwili wako.

Sauti yangu ni ndogo, itakuwaje?

Itakua kwa mazoezi ya pumzi. Lala chali, weka kitabu tumboni, vuta pumzi kitabu kipande, toa taratibu kishuke. Kila siku. Usikamue koo, na koo likiuma pumzika.

Napenda maigizo ila sipendi kabisa kuonekana. Nina nafasi?

Unayo kubwa sana na nimefurahi umeuliza, manake watu wa nyuma ya jukwaa husahaulika. Kuna taa, sauti, maleba yaani mavazi ya waigizaji, mandhari, na kuna meneja wa jukwaa, ambaye kwangu mimi ndo moyo wa onesho. Huyu ana faili lenye skripti nzima, pembeni kaandika kwa penseli kila hatua ya mwigizaji na kila mahali taa inabadilika. Kwa penseli, kwa sababu mwongozaji atabadilisha mawazo na itabidi ufute. Kwenye mazoezi anabandika utepe sakafuni kuonesha ukuta uko wapi na mlango uko wapi kabla hata mbao hazijakatwa. Siku ya onesho anakaa na kipaza sauti akisema "taa, sasa", na wale mbele wanategemea hiyo "sasa" yake, ikichelewa kidogo tu mtu anabaki gizani na mstari wake mdomoni.

Wazazi wanasema hakuna ajira. Niwajibu nini?

Usiwadanganye. Kazi za kuigiza ni za msimu na ushindani ni mkali, waambie hivyo kwa heshima wajue kwamba unajua. Halafu waeleze kwamba wahitimu wanafundisha, wanaandika, wanafanya redio na kuingiza sauti, wanaongoza maigizo ya elimu ya afya kwa jamii. Na wakaribishe kwenye onesho lako la kwanza, hata kama una mistari mitatu tu.

Nikiwa na mtihani naruhusiwa kukosa mazoezi?

Sema mapema, ratiba ipangwe upya. Ukikaa kimya usitokee, wenzio kumi wanasimama wanaongea na nafasi tupu uliyoiacha.