Kuweka 300Tdi na gia otomatiki kwenye Land Rover 110 ya petroli

Mkuu, umeuliza kama utoe injini ya petroli kwenye 110 yako ya miaka ya themanini uweke dizeli, na kwa kuwa mama watoto naye ataiendesha, iwe otomatiki. Inawezekana. Yangu iko hivyo na Lushoto inapanda na mzigo. Ila ule ushauri uliopewa, ununue 300Tdi (injini ya dizeli ya Land Rover) peke yake kisha utafute giaboksi otomatiki ya ZF, modeli 4HP22, ya Range Rover V8 ya petroli kwa sababu ni bei poa, usiufuate.

ZF 4HP22 ya V8 na ya dizeli kwa nje zinafanana kama pacha. Zinatofautiana kwenye kengele ya mbele (ganda linaloungana na injini), kwenye konveta (inayopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa mafuta), na zaidi kwenye gavana. Gavana ni kidude kinachozunguka pamoja na shafti ya nyuma ya giaboksi, kina vizito vinavyotanuka kadiri gari linavyokimbia. Presha inayotoka hapo ndiyo inayoamua gia ibadilike lini. Cha V8 kimepangwa kwa injini inayokaribia mizunguko elfu tano kwa dakika. Tdi inaishiwa nguvu elfu nne. Ukikanyaga mafuta mpaka chini mlimani, giaboksi inasubiri mzunguko ambao injini haiufikii. Gari linabaki kulia tu kwenye gia ileile, na fundi atakwambia giaboksi imekufa, mtaifungua bure.

Tafuta Discovery 1 ya 300Tdi otomatiki nzima, hata kama bodi imebondeka, uchukue kila kitu: injini, konveta, giaboksi, rejeta, kipoza ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki), kebo, mpaka pedali. Kabla ya kulipa, tazama pampu ya dizeli. Baadhi ya otomatiki zilitoka na EDC, yaani pampu inaongozwa na kompyuta. Ina farasi 122 badala ya 111, lakini utahamisha na waya zote na kompyuta yake. Mimi nilichukua ya kawaida, ambayo fundi wa Mombo anaweza kuigusa.

Transfa ya Discovery, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, usiiweke. Uwiano wake ni 1.222, na kwa matairi ya 7.50-16 gari linakuwa zito, giaboksi haitulii gia ya nne. Tafuta transfa ya Defender, LT230 yenye 1.410.

Kwenye kufunga, anza na giaboksi na transfa zikae mahali ambapo propela zote mbili haziminywi wala hazivutwi. Injini ifuate hapo. Maunti za zamani kwenye chesisi hazitaikubali 300Tdi, zitakatwa na kuchomelewa upya.

Sasa kebo ya kikidauni, ile inayotoka kwenye giaboksi kuja kwenye mkono wa pampu, ikiiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani. Fundi wa kwanza aliifunga kwa waya wa bindingi akasema "inatosha". Gari lilikuwa linabadilisha gia mapema na kwa kuteleza, dalili kwamba presha ni ndogo na klachi za ndani zinaungua. Kuna kipande cha chuma kilichobanwa kwenye kebo. Injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), kiwe kama milimita moja kutoka mdomo wa ganda. Kisha mtu akanyage pedali mpaka mwisho, nawe uangalie kebo imevutika yote.

Ongeza kipoza ATF cha pembeni, mbele ya rejeta, hasa kama unaenda mchangani. Na fundi asikanyage mafuta kwa nguvu gari likiwa N (nyutro) ili "aisikilize injini". 4HP22 huharibika klachi ya mbele kwa mchezo huo, na mafundi wetu wanaupenda kweli.

Betri iwe nzima muda wote, maana otomatiki hii haiwaki kwa kusukumwa. Ikibidi kuvutwa, weka transfa N, siyo giaboksi peke yake.

Namba ya injini itabadilika, kwa hiyo karatasi za ununuzi zitunze, utazihitaji TRA kurekebisha kadi.

Ukiipata Discovery, piga picha ya pampu uiweke hapa kabla hujatoa hela.